Saladi Iliyofungwa kwa Isale

Jumanne, tarehe 14 Septemba 1976. Saa kumi na moja na robo alfajiri Justina aliwasha taa ya chemli katika jiko la kiwanda. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimekwisha kukausha majani ya letusi kwa kitambaa. Ilipofika saa kumi na mbili kasorobo vifurushi vitano vya saladi vilikuwa vimefungwa, na cha sita kilikosa kamba. Saa saba kasoro dakika kumi mchana, Ndugu Ndelilio, karani wa ghala, alipokea kifurushi hicho cha sita kutoka mikononi mwangu, akakitazama, akavua kofia. Hakuna mtu kiwandani aliyewahi kumwona akikivulia kofia chakula, sembuse majani.

Ndelilio alikuwa mtu wa Kirua Vunjo, mwenye umri wa miaka arobaini na saba na mwili uliojengwa kwa mbuzi wa ndafu na pombe ya mbege. Alitunza ghala la kiwanda chetu cha sabuni, nje kidogo ya mji wa Moshi, na aliitunza sabuni ya umma kwa uangalifu mkubwa, kiasi kwamba umma ulipata shida kuiona. Katika miaka ile kila mtu alikuwa ndugu. Meneja alikuwa ndugu, mfagiaji alikuwa ndugu, na aliyekamatwa na vipande vya sabuni ndani ya soksi alibaki ndugu mpaka askari walipofika. Ndelilio alilitumia neno hilo kwa uaminifu kuliko sisi sote. Ni mtu mmoja tu ambaye yeye alikataa kumwita ndugu, naye ni Aminieli, kaka yake wa tumbo moja.

Walikuwa hawasemezani kwa mwaka wa sita. Vihamba vyao, yaani mashamba waliyorithishwa na baba yao, vilipakana, na mpakani ulisimama ua wa masale. Siku moja mgomba wa Ndelilio ulielemewa na mkungu, ukainama juu ya ua, na mkungu ukaning'inia upande wa Aminieli. Aminieli aliukata akaula. Alisema kilichomo kwake ni chake. Ndelilio alisema mgomba hauhami kwa kuinama. Ulikuwa mkungu mmoja wa ndizi za mshare, na kwa hesabu ya mke wa Ndelilio, Mama Yuditha, haukuzidi mlo wa siku tatu. Kwa ajili ya mlo huo wa siku tatu wanaume wawili wazima, wote wenye viti vyao kanisani, waliishi miaka sita wakipitisha salamu zao kwa mbwa.

Jambo hilo lingebaki la mbwa laiti Ndelilio asingekuwa na binti. Elinipendo, ambaye nilisoma naye chuo cha sayansi kimu, alichumbiwa na fundi redio wa Marangu. Kwa desturi ya ukoo wao, mbege ya posa haipokelewi nyumbani mpaka kaka mkubwa wa baba aionje kwanza. Akikataa kuionja, mbege hurudi ilikotoka, na mchumba hurudi nayo. Watu wa Marangu walikuwa wamesogeza siku mara mbili. Mwanzoni mwa Septemba walituma ujumbe wa heshima sana, wakisema kwamba hawatasogeza mara ya tatu: wangefika Jumamosi ya tarehe 25, na wasipopokelewa wangeshukuru, kisha wangetazama nyumba nyingine. Elinipendo alimpenda yule fundi. Baba yake alimpenda pia, ila alipenda zaidi kuombwa radhi.

"Aje na isale," alisema kila alipoulizwa. "Akija na isale, nitamsikiliza."

Ng'ambo ya ua Aminieli alikuwa akisema maneno hayohayo, bila kupungua hata moja.

Kwetu mlimani isale ni mmea wa mpakani, lakini jani lake likipigwa fundo na kupelekwa kwa mtu lina maana moja tu: nimekosa, nisamehe. Anayelipokea hana ruhusa ya kukataa. Inasemekana kwamba anayelirudisha huiletea nyumba yake balaa. Wazee wa kanisa huhubiri kwamba hizo ni imani za kale, na sijasikia mzee wa kanisa hata mmoja aliyewahi kulirudisha ili kuthibitisha.

Saladi ziliingia katika habari hii mwezi Agosti, mganga wa zahanati alipowapima presha wakubwa wa kiwanda. Sita kati yao walikutwa na presha ambayo, kwa maneno yake, ingetosha kusukuma mashine. Aliwakataza nyama ya mafuta, akawapunguzia chumvi, akawaandikia mboga mbichi kila mchana. Meneja, mtu wa Dar es Salaam aliyependa maagizo hasa yanapotekelezwa na wengine, alitangaza kwamba kiwanda kingetoa "mlo wa afya". Kazi hiyo tulipewa Justina na mimi.

Justina alikuwa mpishi mkuu wa bwalo. Alitoka Kigoma, alikuja Moshi mwezi wa Julai, alipanga chumba Shirimatunda, na hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Kuanzia saa moja asubuhi meza yetu pekee ilikuwa mali ya ugali wa wafanyakazi mia tatu, kwa hiyo saladi zililazimika kutayarishwa alasiri na kufungwa kabla jua halijachomoza. Tuliosha kila kitu mara tatu, mara ya mwisho kwa maji ya chumvi, ili wadudu wa letusi waachie. Karoti na kabichi zilikatwa jioni, kwa sababu zinavumilia. Letusi ilichanwa kwa mkono, kwani kingo zilizoguswa na kisu hugeuka kahawia. Matango yalitolewa mbegu. Nyanya ziliachwa nzima mpaka alfajiri, kwa kuwa nyanya iliyokatwa jana hulia, na machozi yake huozesha jirani zake wote. Maji ya ndimu na mafuta tuliyatia katika vichupa vya dawa ya kikohozi vilivyochemshwa, ili kila mlaji ajimiminie wakati wa kula na si kabla.

Kiwanda kilikuwa na friji moja. Ilikaa ofisini kwa meneja, ambako ilizilinda chupa za bia dhidi ya joto la Moshi. Sisi tulitumia mgomba. Shina la mgomba lina maganda yaliyojaa maji, na ukilaza mboga ndani ya ganda lililokatwa jana, hubaki baridi mpaka mchana. Chini tulipanga karoti, juu yake kabichi, kisha matango, na letusi juu kabisa isije ikagandamizwa. Nyanya zilikaa pembeni ndani ya kipande chao cha jani. Tulifunika kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni, tukafunga kwa kamba kavu ya mgomba. Vifurushi vilifungwa kwa kufuata cheo. Cha kwanza kilikuwa cha meneja. Cha sita, na cha mwisho, kilikuwa cha karani wa ghala.

Ndugu Ndelilio hakuwahi kula hata kimoja. Mtu aliyekulia mlimani, ambako mwanamke huteremka mpaka nyanda za Kahe kuwatafutia ng'ombe wa ndani majani mabichi, hawezi kuwekewa majani mabichi mbele yake na kujiona bado ni mwenye nyumba. Filbert, mpakiaji wa ghala, alihakikisha kwamba hajioni hivyo.

"Ndugu Ndelilio, nyasi za leo zimekatwa wapi? Za mfongoni, kwenye maji, au za porini?"

"Funga mdomo, Filbert."

"Nafunga, mangi, chifu wangu. Nauliza tu, maana ng'ombe wa jirani yangu za porini huzisusa. Wewe unalala zizi gani, hata huchagui?"

Baada ya hapo Ndelilio alianza kupokelea kifurushi chake ndani ya ghala, mlango ukiwa umefungwa. Alikifungua, akakinusa kama anayekagua kitu kilichookotwa, akakifunga tena. Kisha alipita mlango wa nyuma kula ugali na nyama dirishani kwa wafanyakazi. Jioni alipanda lori la kiwanda, lililowarudisha watu wa mlimani makwao, saladi ikiwa chini ya koti, akampelekea mbuzi wake. Mbuzi huyo alikuwa akinenepeshwa kwa ajili ya harusi. Alikula letusi, karoti na matango yaliyotolewa mbegu, kila siku ya kazi. Kwa kuwa hakuna aliyempima, siwezi kusema lolote kuhusu presha yake.

Mboga zenyewe tulizinunua kwa Aminieli. Yeye hakuwa na kazi ya mjini. Alilima kando ya mfongo, mfereji wa maji ya mlimani, na mboga zake zilisifiwa. Aliteremka na basi kila Jumatatu na Alhamisi. Siku iliyofuata aliteremka tena kuchukua magunia matupu, kwa kuwa hakuwa tayari kukiachia kiwanda magunia yake kwa zaidi ya usiku mmoja.

Sasa narudi kwenye alfajiri ile. Kamba kavu zilitosha vifurushi vitano. Justina hakusumbuka. Alikuwa amekuja na majani marefu, ya kijani, imara kama ukanda, aliyoyakata kwenye ua wa mwenye nyumba wake ili kujitengenezea kata ya kubebea ndoo. Nilikuwa nimetoka nje kuyachemsha maji. Niliporudi, kifurushi cha sita kilikuwa kimefungwa kwa jani la isale na kupigwa fundo zuri juu. Pembeni palikuwa na cha saba, kimefungwa vivyo hivyo.

"Dada Justina, hilo jani halifungiwi chakula."

"Lina sumu?"

"Halina. Lakini lina maana yake."

"Kama halina sumu, mwache mwenye kula aile na maana. Jiko linazimika, mdogo wangu."

Cha saba alikitengeneza kutokana na mabaki, na hakumwambia mtu kilikuwa cha nani. Saa moja asubuhi Aminieli alipofika kuchukua magunia yake, Justina alimpa mlangoni.

"Baba, letusi yako ya jana ilikuwa safi. Hiki chukua, ukale."

Aminieli alilitazama fundo kwa muda mrefu.

"Kinatoka kwa nani?"

"Kinatoka hapa kiwandani. Hata ndugu yako anakula hiki hiki."

"Yeye ana habari kwamba nami nimepewa?"

"Atakosaje? Chake na chako nimevifunga pamoja."

Aminieli alikitia kifurushi ndani ya koti, upande wa moyo, akaondoka. Magunia yake yalilala kiwandani usiku wa pili.

Mchana nilimpelekea Ndelilio cha kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weka hapo." Kisha akaliona jani. "Nani ametoa hiki?"

"Jikoni, mzee."

"Jikoni najua. Mboga za nani?"

"Za kaka yako. Alizileta jana."

Hapo ndipo alipovua kofia. Alilishika fundo kwa vidole viwili, uso wake ukafunguka polepole, kama mlango wa ghala lake siku ya ukaguzi.

"Mzee, hilo jani lililofungiwa ni—"

"Binti," alinikatiza, kwa upole wa mtu aliyeshinda, "wewe umesomea kupika. Mambo ya isale hayafundishwi chuoni."

Nilisema, "Ndiyo, mzee," nikarudi jikoni. Kabla sijafika, nilimsikia akimwita Filbert. Akamwonyesha fundo, akamweleza kwamba damu ni nzito, kwamba mkubwa ni yule anayejua kusamehe, na kwamba yeye, Ndelilio, alikuwa amelijua hilo siku zote.

Alhamisi Elinipendo aliteremka mjini kununua nyuzi, akapita jikoni. Nyumbani kwao baba yake alikuwa akitembea na jani mfukoni, akilitoa kila baada ya mlo. Nilimweleza yote kama yalivyotokea. Aliketi juu ya gunia la kabichi, akacheka mpaka akajifuta machozi, halafu akaacha kucheka ghafla.

"Nani mwingine anajua?"

"Justina anajua kwamba alifunga. Hajui alichofunga."

"Basi mwache hivyo hivyo."

"Lakini si kweli, Elinipendo."

"Sijakuambia useme uongo. Nimekuambia unyamaze. Kunyamaza unakuweza kuliko mtu yeyote niliyesoma naye."

"Kwa nini asiende leo, kama anaamini amekwisha kuombwa radhi?"

"Anasema anayesamehe haendi mbio. Na baba mkubwa naye amekaa kwake, amevaa koti tangu Jumanne, hata mboga za leo amezituma na basi, anangoja tumwendee. Wageni wanakuja wiki ijayo, mwenzangu. Niombee hawa wazee wachoke kungoja."

Walichoka Jumamosi. Nilikuwa kwao alasiri hiyo, nikimpima Elinipendo gauni barazani, pini zikiwa mdomoni. Ndelilio alitoka ndani akiwa amevaa viatu vya kanisani, akaelekea kwenye ua. Wakati huohuo, kwa upande wa pili, Aminieli alikuwa akija amevaa kofia ya harusi yake mwenyewe. Walikutana kwenye mwanya wa ua, pale mgomba ulipoinamia, na kila mmoja akasimama kwake.

"Karibu," alisema Ndelilio.

"Karibu wewe," alijibu Aminieli. "Usiogope. Yamekwisha."

"Yamekwisha, ndiyo. Nimekusamehe."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe kwa moyo wote. Na mkungu umesamehewa."

"Ndelilio, mimi ndiye niliyekusamehe wewe."

"Tangu lini anayeleta isale ndiye anayesamehe?"

"Aliyeleta ni nani? Hili hapa!" Aminieli alichomoa jani lililoanza kunyauka. "Ulinipelekea kwa mkono wa mpishi, ndani ya majani ya kula, kama mtu anayeona haya."

"Mimi? Na hili ni la nani?" Ndelilio alichomoa la kwake. "Ulilifunga kwenye kabichi zako ukadhani sitaliona!"

Kwa muda walisimama wakiyatazama majani mawili yaliyofanana kwa fundo, kwa urefu, na hata kwa mkato wa kisu. Mtu yeyote ambaye angetaka kujua angejua. Lakini hawa hawakutaka kujua, walitaka kushinda. Ndelilio aligeuka akaniona.

"Binti wa jikoni! Njoo hapa. Kifurushi changu ulinipa wewe. Sema mbele yake kilitoka wapi."

Nilitoa pini mdomoni moja moja. Elinipendo alikuwa amesimama nyuma yangu, na mkono wake ulikuwa umeshika mgongo wa blauzi yangu.

"Shikamooni, wazee," nilisema. "Kifurushi kilitoka jikoni. Mboga zake zilitoka shamba la kaka yako, zikaletwa na mkono wake mwenyewe."

"Umesikia!" alisema Ndelilio.

"Na changu?" aliuliza Aminieli.

"Chako, mzee, kilitoka kiwandani anakofanya kazi mdogo wako, juu ya meza ileile kilipotoka cha kwake."

"Umesikia!" alisema Aminieli.

Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa huruma. Mama Yuditha, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya zizi, aliweka mundu chini, akaja akijifuta mikono.

"Baba Elinipendo, isale umelipokea, hukulipokea?"

"Nimelipokea. Liko hapa."

"Shemeji, na wewe?"

"Nimepokea."

"Kuna anayetaka kulirudisha?"

Upepo uliyatikisa majani mikononi mwao, na wote wawili wakayashika kwa nguvu zaidi, kama watoto waliopewa kuku wa kumshika. Kurudisha kungeleta balaa. Kukiri kwamba halikutoka kwa mwingine kungeleta jambo baya zaidi, yaani kuanza upya kungoja.

"Basi mbege ni Jumamosi ijayo," alisema Mama Yuditha. "Shemeji, njoo mapema. Na hiyo kofia ivue kabla ya kupita hapa, mwanya ni mfupi."

Aminieli alivua kofia akapita. Ndelilio aliisimulia kofia hiyo kwa miezi mingi kama ungamo.

Watu wa Marangu walifika tarehe 25, na Aminieli akaonja mbege. Alionja sana, kata ilibidi ijazwe tena ili wenye posa nao waione. Harusi ilifanyika Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Yule mbuzi aliletwa mezani mzima, amebanikwa vizuri, akiwa na tawi la majani mdomoni, na Ndelilio alikula bega na sehemu kubwa ya ubavu. Hiyo ndiyo njia pekee ambayo saladi zetu zilimfikia: miezi mitatu ya letusi iliyochanwa kwa mkono, ikiwa imepita kwanza kwa mbuzi.

Justina alialikwa, akakalishwa karibu na jiko. Hapo ndipo nilipomweleza fundo lake lilikuwa na maana gani. Aliuweka mfupa chini.

"Watu wa huku mna ajabu," alisema. "Jani la kufungia mnalipokea kwa magoti. La kula, mnampa mbuzi."

Jumatatu iliyofuata alileta kamba za kutosha, na cha sita kilifungwa kama vingine.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi Septemba 1977, chipukizi la mgomba uleule lilizaa mkungu, likaelemewa, likainama juu ya ua upande wa Aminieli. Ndugu wale wawili waliupita kila asubuhi wakisalimiana, na hakuna aliyethubutu kuukata. Mkungu ulioza palepale.